SUV ya petroli au ya umeme? Uliza kwanza gari litalala wapi

Chukua watu wawili wa Kampala wenye kipato kile kile na familia zinazolingana. Mmoja anakaa Munyonyo kwenye nyumba yake mwenyewe, yenye ukuta, geti na banda la magari mawili. Mwingine amepanga fleti Kisaasi, ghorofa ya nne, na gari lake hulala uwanjani chini pamoja na ya majirani. Wote wanataka SUV nzuri, yenye viti vya ngozi na kiyoyozi kinachofika hadi siti za nyuma. Wa kwanza akinunua ya umeme, huenda asiingie tena kituo cha mafuta isipokuwa kujaza upepo. Wa pili akinunua gari hilo hilo, mwezi hautaisha kabla hajaanza kulichukia. Gari ni moja. Ila mmoja ana soketi yake na mwingine hana.

Ndiyo maana mabishano kuhusu kama BMW iX3 inaizidi X3, au kama Macan ya umeme ina mbio kuliko ile ya petroli, hayamsaidii sana mnunuzi wa Uganda. Hayo ni maswali ya Ujerumani na Uingereza, kwenye chaja za kasi kandokando ya barabara kuu. Tena mbio zenyewe utazipeleka wapi? Barabara ya mwendokasi ya Entebbe imewekewa kikomo cha kilomita 100 kwa saa, na Jinja Road saa kumi na mbili jioni hata bodaboda inakupita. Hapa kwetu maswali ni mawili: gari litalala wapi, na ni mara ngapi kwa mwaka litatoka Kampala kwenda safari ndefu. Ukiyajibu hayo kwa ukweli, mengine mengi yanajijibu.

Lakini kila mtu huanzia kwenye pesa, basi tuzipige hesabu.

SUV kubwa ya petroli, iwe Prado ya V6, X5 au Land Cruiser 300, ndani ya jiji hula lita 13 hadi 16 kwa kilomita 100. Ya umeme ya ukubwa wa kati hula uniti (kilowati-saa) 20 hadi 23 kwa umbali huo, na uniti mbili hivi zaidi hupotea kama joto wakati wa kuchaji. Tukadirie lita moja ya petroli kwa shilingi 5,000 na uniti moja ya umeme kwa 800. Wewe weka bei za wiki unayosoma. Lita 13 ni shilingi 65,000. Uniti 25 ni shilingi 20,000. Umeokoa 45,000 kwa kila kilomita 100, na ukiendesha kilomita 15,000 kwa mwaka, umeokoa milioni 6 na laki saba u nusu.

Ni pesa nzuri, ila haziwezi kulinunua gari. Kama ile ya umeme imekugharimu milioni 60 zaidi ya mwenzake wa petroli, utazirudisha baada ya karibu miaka tisa. Dhamana ya betri kwa watengenezaji wengi ni miaka minane au kilomita 160,000, kwa hiyo siku unapoanza kula faida ndiyo siku betri imebaki mikononi mwako. Mtu anayenunua SUV ya kifahari ya umeme ili abane matumizi amechagua njia ghali sana ya kubana matumizi. Hesabu hugeuka tu pale bei za kununulia zinapokaribiana, na hilo hutokea kwa zilizotumika. Magari ya kifahari ya umeme hushuka bei kwa kasi Ulaya, kiasi kwamba Audi e-tron au Mercedes EQC ya miaka michache hupatikana kwa bei inayoshangaza ukikumbuka iliuzwaje ikiwa mpya.

Faida ambayo watu huisahau iko kwenye foleni. Injini kubwa ikisimama inanguruma na kiyoyozi kimewashwa, inaweza kunywa lita moja hadi mbili kwa saa bila kusogea hata hatua. Gari la umeme likisimama, kinachotumia nguvu ni kiyoyozi, redio na taa, takriban uniti moja kwa saa. Kwa mtu anayekaa Namugongo na kufanya kazi Nakasero, hilo si jambo dogo. Na kwa kuwa Kampala iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, injini ya petroli isiyo na turbo imeshapoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu zake kabla hujaondoka nyumbani. Mota ya umeme haijui hewa nyepesi ni nini.

Sasa turudi kwenye soketi, kwa sababu hapo ndipo wengi hukwama.

Nilikuwapo Kyaliwajjala siku mzee mmoja alipojaribu kuchaji gari lake kwa mara ya kwanza, e-tron iliyotoka Uingereza. Akachomeka plagi kwenye soketi ya veranda, kisanduku cha kwenye kebo kikawaka taa nyekundu. Akachomoa, akachomeka tena. Nyekundu. Akahamia soketi ya jikoni, mambo yale yale. Akaanza kumpigia aliyemuuzia, sauti juu. Fundi umeme alipofika hakuligusa gari. Alitoa mita yake, akapima waya wa moto na nyutro: volti 236, safi. Akapima waya wa moto na ethi, ule wa kwenda ardhini: tarakimu zikawa zinacheza, mara 70, mara 90, hazitulii. "Hajji," akasema, "gari lako zima. Nyumba ndiyo mgonjwa." Ethi ilikuwapo kwenye soketi kwa macho tu, waya wake uliishia ukutani na haukufika ardhini. Wakachimba karibu na tangi la maji, akapigilia rodi ya shaba, akavuta waya mpya hadi kwenye boksi la breka. Jua linazama, taa ikawa ya kijani.

Kile kisanduku hakikuwa na kiburi. Gari limesimama juu ya mpira, bodi yake ni chuma, na hitilafu ndogo ikitokea bila ethi, anayeshika mlango ndiye anayekuwa njia ya umeme kwenda chini. Kwa hiyo chaja hukagua ethi kwanza, isipoiona hukataa kazi. Nyumba nyingi zilizojengwa kwa haraka pembezoni mwa Kampala zina ugonjwa huu na wenyewe hawajui, kwa sababu pasi na televisheni hazilalamiki. Kabla hujalipia gari, mlipe fundi mwenye kibali apime nyumba. Ni gharama ndogo kuliko kitu chochote kingine kwenye safari hii.

Soketi ya kawaida, hata ikiwa salama, hutoa kama kilowati mbili na nusu. Kwa usiku mmoja wa masaa kumi ni uniti 25, yaani kilomita 100 hivi. Mwendo wa kila siku wa mtu wa mjini hauifikii hiyo, kwa hiyo wengi wangeweza kuishi na soketi hiyo, ilimradi waya ukutani ni mnene na plagi haipati moto. Ekstensheni ya kuunganishia pasi isikaribie hapo. Mzigo huu hukaa usiku kucha, si dakika kumi. Anayetaka raha anafunga chaja ya ukutani ya ampea 32, kilowati 7.4, inayojaza betri kubwa kwa usiku mmoja. Hiyo inataka waya wake, breka yake, na wakati mwingine kuomba laini ya fezi tatu kwa UEDCL, ambao ndio walioshika usambazaji tangu mkataba wa kampuni ya Umeme ulipoisha mwaka 2025. Ukiwa na hita ya maji, jiko la umeme na pampu kwenye fezi moja, ukaongeza na gari, breka kuu itakuwa inaruka kila jioni. Kuna mitaa ambako umeme hunyong'onyea saa za kupika. Seti gari lianze kuchaji saa sita usiku, majirani wakiwa wamelala.

Vipi umeme ukikatika? Kwa usiku mmoja si neno, kwa sababu gari lenye betri nusu bado lina kilomita 150. Tatizo ni transfoma ya mtaa ikiungua, mkakaa gizani siku tatu. Jenereta itakusaidia, ila ujue hesabu yake: lita moja ya dizeli hutoa uniti tatu hivi, kwa hiyo uniti 25 za kilomita 100 zimekula lita nane, karibu sawa na ambazo gari la dizeli lingezitumia lenyewe. Paneli za sola za kilowati tano hutoa uniti 20 hivi siku ya jua zuri, na hizo ni tamu kweli, isipokuwa mchana gari la mfanyakazi liko ofisini na jua liko nyumbani. Sola humfaa mtu ambaye gari lake linashinda nyumbani, au aliye na paa la ofisi ambalo ni lake.

Kwa mpangaji wa fleti, jibu langu ni fupi. Kama mwenye nyumba hajakubali kwa maandishi uvute waya wako kutoka mita yako ya Yaka, ile ya kulipia kabla, hadi unapoegesha, nunua ya petroli. Usitegemee kuchaji kwenye maegesho ya maduka makubwa kila siku. Na vile vituo vya kubadilishia betri unavyoviona mjini, vya akina Zembo na Gogo, ni vya bodaboda. Betri yao mtu huibeba mkononi, yako ina uzito wa mamia ya kilo na imefungwa chini ya sakafu.

Swali la pili ni safari. Mbarara iko kilomita 270 hivi kutoka Kampala, Fort Portal kama 300, Gulu kama 330, Kabale zaidi ya 400. SUV ya umeme yenye uniti 75 zinazotumika, ikiwa imebeba watu watano, mizigo na gunia la mchele, kwa mwendo wa kilomita 90 au 100 kwa saa, itakula uniti 24 kwa kilomita 100. Yaani kilomita 310 kutoka imejaa hadi imekauka. Mbarara utafika umebakiwa na kilomita 40, ukijaribu kutoangalia asilimia ya betri kwenye dashibodi. Ukilala hotelini ukachomeka kwenye soketi ya chumba cha walinzi, asubuhi umepata kilomita 100. Ili urudi Kampala unahitaji usiku karibu tatu. Kabale haifikiki bila kuchaji njiani. Ndiyo, ukiteremka mlima mota hugeuka jenereta na kurudisha kiasi, lakini Kabale ni ya kupandia. Tangi la Prado 150 ni lita 87: unaenda Kabale na sehemu kubwa ya njia ya kurudi bila kusimama, na ukisimama, ni dakika tano.

Chaja za kasi zitakapoenea Masaka, Mbarara na Karuma, aya hiyo itafutika, na hilo sioni kama liko mbali sana kwa njia ya magharibi. Lakini gari unanunua leo. Kama safari za kijijini ni za Krismasi na mazishi tu, na nyumbani kuna gari la pili lenye injini, ya umeme inakutosha vizuri sana. Kama kazi yako ni miradi ya Arua, Moroto na Kasese, usijisumbue.

Barabara zenyewe pia zina neno. iX3 ya kwanza imeinuka milimita 179 kutoka chini. Prado inapita 210. Kwenye lami ni sawa, kwenye murramu ya mvua yenye mifereji katikati ni kitu kingine, hasa ukikumbuka kwamba tumbo la gari la umeme ndilo betri. Kuna bamba la kulikinga, lakini jiwe likilipata vibaya hakuna fundi wa mtaani wa kukunyooshea. Uzito nao: e-tron ina karibu tani mbili na nusu, na mzigo huo juu ya rimu za inchi 21 ukikutana na shimo la Kampala, tairi ndiyo inayolia. Chagua rimu ndogo, hata kama hazipendezi. Kwenye mafuriko ya Clock Tower au Bwaise mambo hugeuka: injini ya petroli ikivuta maji kwenye njia ya hewa inapinda vyuma vyake vya ndani, na hilo hugharimu injini nzima. Ya umeme haina pua ya kuvutia maji, betri imezibwa. Ipite na utoke, usiiegeshe humo.

Tusiifanye petroli kuwa haina dosari. Magari mengi ya Kijerumani yenye turbo yanataka petroli ya oktani 95, soma kibandiko ndani ya kifuniko cha tangi. Ukiyanywesha petroli ya rahisi tu, usishangae injini ikigonga. Mafuta yetu karibu yote hupitia Mombasa. Januari 2022 madereva wa malori walipogoma Malaba na Busia kwa sababu ya vipimo vya korona, bei iliruka na vituo vingine vikakauka kabisa. Tangu 2024 shirika la taifa la mafuta, UNOC, ndilo linaloingiza mafuta nchini, lakini njia ya pwani ni ile ile. Umeme unatoka hapa hapa: Nalubaale tangu 1954, Bujagali 2012, Isimba 2019, na Karuma ya megawati 600. Anayesema gari la umeme ni makaa ya mawe yaliyofichwa anaongelea nchi nyingine. La Uganda linaendeshwa na maji ya Nile.

Sasa jambo ambalo wauzaji hulisema kwa sauti ya chini: gari limetoka wapi. Kwa petroli tumezoea, Japani ni Japani, utavumilia redio inayokuongelesha Kijapani kila ukiwasha gari. Kwa umeme, nchi ilikotoka huamua tundu la kuchajia. Gari la soko la Japani mara nyingi lina tundu la CHAdeMO kwa chaja ya kasi na la Type 1 kwa chaja ya nyumbani. La soko la China lina tundu la GB/T, na mengi yana usukani wa kushoto, menyu za Kichina na programu ya simu isiyokutambua. La Uingereza lina usukani wa kulia, tundu la Type 2 na CCS2 ambalo ndilo la Ulaya, na kebo ya nyumbani ina plagi ya miguu mitatu ya mraba, ile ile ya soketi zetu za volti 240. Adapta zipo, ila za chaja ya kasi ni ghali na si zote za kuaminika. Mimi kwa SUV ya kifahari ningetafuta ya Uingereza na kuacha nyingine zote, hata kama ya China ni rahisi kwa mamilioni.

Ushuru usikuchukulie muda hapa. URA, mamlaka ya mapato, huanzia kwenye thamani ya gari pamoja na usafiri na bima, kisha huja ushuru wa forodha, VAT, kodi ya zuio na tozo nyingine. Gari la miaka 15 au zaidi haliingii tangu sheria ya 2018. Nafuu za magari ya umeme hubadilika na bajeti ya kila Juni, kwa hiyo mwombe wakala wako wa forodha akupe hesabu ya gari lenyewe, kwa maandishi, kabla halijapakiwa melini.

Spea ndiko petroli inakoshinda bila ubishi. Kwa Prado, kwenye soko la spea la Kisekka utapata kuanzia taa hadi giaboksi, na fundi anayeifahamu yuko kila mji. Gari la umeme halina oili ya injini, plagi za cheche wala mkanda wa taimingi, na breki zake hudumu kwa kuwa mota ndiyo inayopunguza mwendo. Unaweza ukakaa muda mrefu usione gereji. Siku likiharibika kwenye zile nyaya za rangi ya machungwa, ambazo zina volti 400 na kwa baadhi 800, anayestahili kuzigusa ni fundi aliyefundishwa na mwenye vifaa, na hao mjini ni wachache. Bei ya kuuzia inafuata hapo hapo. Prado ya miaka kumi ina mnunuzi kabla hujaweka picha. E-tron itakaa inasubiri mtu aliye na banda na ethi.

Kwa anayesitasita, kuna magari ya kuchomeka yenye injini pia, kama Volvo XC90 T8 au X5 ya xDrive45e. Yanakwenda mjini kwa umeme kilomita 30 hadi 80 kutegemea modeli, kisha petroli inachukua Mbarara. Kwa mtu mwenye soketi na gari moja tu, hili ndilo ningemshauri leo, akijua kwamba amenunua mashine mbili na siku moja atazitengeneza zote mbili.

Ukienda bondi Nakawa, yadi ya magari yaliyoagizwa nje, kuangalia ya umeme, ifungue tundu la kuchajia upige picha kabla ya kuuliza bei. Omba ripoti ya afya ya betri inayosomwa kwa kifaa, kwani kilomita za kwenye dashibodi hazisemi betri ilichajiwaje. Asilimia 90 ni nzuri, chini ya 80 punguza bei sana au acha. Liombe lichomekwe, likae likichaji saa nzima huku unaangalia, maana gari nyingi za bondi zimekaa miezi bila kuguswa. Kisha ufungue buti utafute kebo yake. Isipokuwepo, ikate kwenye bei kabla hujasaini, kwa sababu mpya utaiagiza nje na utailipia ushuru.